Kiwanja ndicho kilichoushinda uwanja: Highbury ilivunjwa, au bado ipo?

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi simu hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Jumamosi iliyopita tulikuwa kibanda umiza tunasubiri mechi ya Arsenal, ukazuka ubishi. Jamaa yangu anasema uwanja wao wa zamani, Highbury, ulibomolewa wote na hakuna hata tofali lililobaki. Mimi nimeona video mtu anatembea kwenye bustani, pembeni kuna ukuta mkubwa wenye nembo ya Arsenal, anasema hapo ndipo Highbury. Tumewekeana kreti ya soda. Halafu nieleweshe na hili: kama uwanja ulikuwa wa kihistoria kiasi hicho, kwa nini hawakuupanua tu wakabaki palepale?"

Marahaba, mwanangu. Na kwa kuwa unatoka Nkuhungu, mbukwa pia.

Nianze na hiyo kreti, maana najua ndiyo inayowanyima usingizi. Highbury ilikuwa na majukwaa manne. Mawili yalivunjwa mpaka msingi: la kaskazini lililoitwa North Bank na la kusini lililoitwa Clock End. Mawili mengine, la mashariki na la magharibi, yalikombwa ndani. Viti vilitolewa, ngazi zikatolewa, vyumba vya kubadilishia nguo vikaondoka, zikaachwa kuta za nje zimesimama, na nyuma ya kuta hizo zikajengwa nyumba za watu kuishi. Pale alipokuwa akikimbia Thierry Henry pamepandwa majani na miti, ndiyo hiyo bustani yako. Kwa hiyo video uliyoiona si ya uongo. Lakini na mwenzako ana chake, kwa sababu uwanja wa mpira haupo tena pale. Ukienda na tiketi mkononi utaambiwa umekosea mlango, na kweli utakuwa umekosea, maana ule ni mlango wa nyumba ya mtu.

Nani alipe soda nitasema baadaye. Swali lako la pili ndilo lenye nyama.

Mimi si mtu wa mpira kwa taaluma. Nimestaafu kazi ya mipango miji. Maisha yangu yote nimeshughulika na viwanja, lakini vile vya kupimwa, kuwekewa bikoni na kugombaniwa fidia. Mpira nimeufuata kwa mapenzi tu, redioni kwanza, kisha kwenye runinga. Basi nikiitazama Highbury macho yangu hayaanzi na makombe, yanaanza na ramani. Kiswahili chetu kina maneno mawili ya tumbo moja, kiwanja na uwanja, na mkasa wote wa Highbury umo humo: uwanja ulikua, kiwanja kikagoma kukua.

Arsenal hawakuzaliwa pale. Walianza mwaka 1886, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Woolwich, kusini mwa mto Thames. Ndiyo asili ya mzinga kwenye nembo na ya jina la Washika Bunduki. Woolwich kulikuwa pembezoni, kufika ni shida, watazamaji wachache, na ilipofika 1910 klabu ilikuwa hoi kifedha. Akaichukua mfanyabiashara wa majumba, Henry Norris, ambaye wakati huohuo alikuwa mkubwa wa Fulham. Alitaka kwanza aziunganishe timu hizo mbili, wenye ligi wakamkatalia. Akaanza kutafuta eneo lenye watu wengi na usafiri wa uhakika, akaliona Highbury, kaskazini mwa London. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Gillespie Road kilikuwa kimefunguliwa 1906, na hatua chache kutoka hapo palikuwa na viwanja vya michezo vya chuo cha theolojia cha St John's.

Norris hakununua ardhi ile, alipanga. Mkataba wa miaka 21 kwa paundi 20,000, na sahihi ya upande wa kanisa ikawekwa na Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe. Kanisa likatoa masharti: hakuna mechi Ijumaa Kuu wala siku ya Krismasi, na pombe isiuzwe. Klabu iliishi na masharti hayo mpaka 1925 ilipoinunua ardhi moja kwa moja kwa paundi 64,000. Sisi tuliokaa ofisi za ardhi tunajua mkataba wa aina hiyo unavyokaa shingoni: unajenga jukwaa la maelfu ya watu juu ya udongo ambao si wako.

Upinzani ulikuwa mkali. Wakazi wa mtaa hawakutaka kelele, halmashauri ya Islington haikutaka, na Tottenham ndio waliochukia kuliko wote, kwa sababu wao walikuwa kaskazini hiyohiyo na sasa anakuja mtu kutoka ng'ambo ya mto kufungua genge mbele ya genge lao. Uhasama wa timu zile mbili unaouona leo ulianzia kwenye ugomvi wa eneo.

Mechi ya kwanza ilichezwa 6 Septemba 1913, Arsenal ikiwa daraja la pili, dhidi ya Leicester Fosse. Arsenal walishinda 2-1. Uwanja haukuwa umekwisha; jukwaa la mashariki lililochorwa na Archibald Leitch, bingwa wa viwanja wa zama hizo, lilikuwa bado lina mafundi juu yake. George Jobey, aliyefunga bao la kwanza la Arsenal pale, aliumia, na kwa kuwa huduma hazikuwa tayari akatolewa kwa mkokoteni wa muuza maziwa. Shika hiyo 2-1 na hilo jina la Leicester, tutalirudia.

Sasa fanya hivi mkikutana tena kibandani. Chukua kibiriti ukilaze juu ya meza. Hilo ndilo eneo la kuchezea. Weka visoda kulizunguka, safu moja kila upande: hayo ni majukwaa. Halafu mwambie mwenzako aweke chupa za soda mara tu baada ya visoda, bila nafasi hata ya kupitisha kidole. Mashariki barabara ya Avenell Road, kaskazini nyumba za Gillespie Road, magharibi nyumba za Highbury Hill, kusini Aubert Park. Hizo chupa ni nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, zina wenyewe, na nyingi zilitangulia kuwepo kabla ya klabu kufika. Ukitaka kuongeza kisoda kimoja lazima chupa iondoke. Hata kibiriti chenyewe kilikuwa kidogo: mita 100 kwa 67, wakati kipimo kinachotumika sana leo kwa mechi kubwa ni 105 kwa 68. Wachezaji wageni walisema wakiingia pale wanahisi kubanwa, na Arsenal wenyewe walijua kulitumia hilo.

Upande wa magharibi ndio unaonichekesha mpaka leo. Ukitembea Highbury Hill unapita nyumba, nyumba, nyumba, za kawaida kabisa, vizingiti na mapazia. Katikati ya nyumba mbili, mahali ambapo ungetegemea nyumba ya tatu, linatokea lango la uwanja wa mpira. Jukwaa lenyewe limejificha huko nyuma kama ng'ombe aliyefungwa uani. Siku ya mechi maelfu ya watu walipita kwenye huo upenyo, jirani amekaa sebuleni kwake anakunywa chai.

Huo mbano haukumzuia mtu mmoja kuufanya uwanja ule kuwa wa kwanza kwa mambo mengi. Herbert Chapman alikuja kuwa kocha mwaka 1925. Huyu bwana alikuwa kocha, afisa masoko na nusu mhandisi kwa wakati mmoja. Aliwasumbua wenye treni mpaka 1932 kituo cha Gillespie Road kikabadilishwa jina kikawa Arsenal, na mpaka leo ndicho kituo pekee cha treni za chini ya ardhi za London kilichopewa jina la klabu ya mpira. Alifunga taa jukwaani ili watu wacheze usiku, Chama cha Soka cha England kikakataa zisitumike kwa mechi rasmi. Ikabidi zisubiri hadi miaka ya 1950, yeye akiwa ameshafariki siku nyingi. Alitundika saa kubwa yenye kuhesabu dakika 45 kila kipindi. Chama kikasema hapana, mshika muda ni mwamuzi, isije saa ikashindana naye. Ikawekwa saa ya kawaida. Hiyo saa ndiyo baadaye ilihamishiwa jukwaa la kusini na kulipa jina lake, Clock End.

Na wewe unayeangalia mpira kibanda umiza, kaa ukijua kibanda chako kina babu yake Highbury. Tarehe 22 Januari 1927 mechi ya ligi ilitangazwa moja kwa moja redioni kwa mara ya kwanza Uingereza, na ilikuwa Arsenal na Sheffield United, pale pale, 1-1. Ili msikilizaji afuate, gazeti la ratiba za redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba 8 yenye namba, kisha mtu wa pili kando ya mtangazaji anataja mpira uko mraba wa ngapi. Mimi mpimaji hapo nilisisimka: ramani kabisa, kitalu namba tatu, kitalu namba tano. Miaka 10 baadaye, Septemba 1937, BBC ikaonyesha mpira kwenye runinga moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Walicheza Arsenal na kikosi chao cha akiba, Highbury hiyohiyo.

Turudi kwenye kuta, maana huko ndiko swali lako linakojibiwa. Jukwaa la magharibi lilijengwa upya likafunguliwa Desemba 1932, na mchoraji wake alikuwa Claude Waterlow Ferrier. Hilo nimekwambia limejificha nyuma ya nyumba za watu, kwa hiyo kwa nje hakukuwa na uso wa kupamba. La mashariki lilifuata, likafunguliwa Oktoba 1936, kazi ya William Binnie. Hili lilikuwa limeegemea barabara ya Avenell Road, kila mpita njia analiona. Klabu ikaamua kujionyesha. Wakalipa uso mweupe wa mistari iliyonyooka kwa mtindo uliokuwa ukitamba miaka ile, Art Deco, wakaweka mizinga na herufi za klabu ukutani, na ndani ya mlango mkuu ukumbi uliokuja kuitwa wa marumaru. Mafundi wa sakafu mtacheka: sehemu kubwa ya hiyo "marumaru" ni terazo, ileile mnayoisaga kwa mashine kwenye majengo ya serikali hapa Dodoma. Gharama ilifika paundi 130,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule, na vita ikaja klabu ikiwa bado na deni. Chapman hakuliona jukwaa hilo. Alifariki kwa nimonia Januari 1934, na sanamu ya kichwa chake iliyofinyangwa na Jacob Epstein ndiyo iliyowapokea wageni pale ukumbini.

Wapo waliosema wakati ule kwamba fedha nyingi mno zimemwagwa kwenye ukuta wa barabarani ambao haumpi shabiki hata kiti kimoja cha ziada. Kwa hesabu za siku zile walikuwa sahihi. Weka jambo hilo pembeni kwanza.

Watu walijaa. Tarehe 9 Machi 1935 waliingia 73,295 kuangalia Arsenal na Sunderland, mechi ikaisha 0-0, na idadi hiyo haikuwahi kuvukwa. Wengi wao walikuwa wamesimama kwenye ngazi za zege, kifua mgongoni mwa mwenzake. Zile kingo za kusimamia ziliinuliwa kwa kujaza kifusi, na wakazi walikaribishwa kuleta takataka zao zisaidie kujaza. Hapo ndipo ilipotoka hadithi ya farasi: muuza makaa alirudisha mkokoteni wake nyuma karibu mno na shimo, ukatumbukia na farasi wake, mnyama akaumia vibaya, wakammaliza wakamfukia palepale chini ya North Bank. Wenyewe huisimulia kwa kiapo, nami naipokea kama hadithi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili uwanja uligeuzwa kituo cha ulinzi wa raia dhidi ya mabomu, bomu likaangusha paa la North Bank, na Arsenal wakalazimika kucheza mechi zao nyumbani kwa Tottenham. Fikiria Simba kuhifadhiwa na Yanga. Mwaka 1958, tarehe 1 Februari, timu kubwa ya Manchester United, iliyokuwa imejaa wachezaji vijana, iliwafunga Arsenal 5-4 hapo Highbury, ikawa mechi yao ya mwisho kwenye ardhi ya England, maana siku tano baadaye ndege yao iliangukia Munich. Na 21 Mei 1966 Muhammad Ali alipanda ulingoni katikati ya majani yale akamshinda Henry Cooper raundi ya sita, jicho la Cooper likichuruzika damu.

Kilichoanza kuuua uwanja kilitokea mbali na London. Aprili 1989, huko Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio, na vifo vyake vimefikia 97. Jaji Taylor akachunguza, na ripoti yake ya 1990 ikataka viwanja vya timu kubwa viwe vya kukaa wote. Jambo jema, silibishi. Lakini mpe mpimaji hesabu: mtu aliyesimama anakula eneo dogo, ukimkalisha anakula karibu mara mbili yake. Kwenye kiwanja chenye nafasi unasogeza ukuta. Highbury usogeze wapi?

Mei 1992 North Bank ya kusimamia ikaagwa kwa ushindi wa 5-1 dhidi ya Southampton, Ian Wright akifunga matatu, kisha ikavunjwa. Msimu uliofuata wakati ujenzi unaendelea walitandaza turubai kubwa lenye picha ya mashabiki waliochorwa, lizibe vumbi la mafundi. Watu wakalikodolea macho wakaona kasoro: kwenye umati wote ule hakukuwa na sura hata moja ya mtu mweusi, kwa timu iliyokuwa ikibebwa mgongoni na Wright. Wachoraji wakarudi na brashi. Jukwaa jipya likafunguliwa 1993, na baada ya yote hayo uwanja uliowahi kumeza watu 73,000 ukawa wa viti 38,000 na ushee. Manchester United wakati huo walikuwa wanaongeza ghorofa juu ya ghorofa.

Sasa ndipo Arsenal walipotaka kufanya hicho unachouliza, kupanua. Mpango ulihitaji kubomoa nyumba 25 za majirani. Wakazi wakakataa, halmashauri ikasimama na wakazi. Kama hilo halikutosha, Julai 1997 jukwaa la mashariki likaingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi wa taifa, daraja la pili. Maana yake hulibomoi, huliinui, huligusi bila kibali. Na sababu ya kuorodheshwa? Ule uso wa barabarani, zile fedha za 1936 ambazo watu walisema zimetupwa. Upande mmoja sheria, upande wa pili nyumba za watu. Chupa zikagoma kuondoka mezani, na sasa kisoda kimoja nacho kikagandishwa kwa gundi.

Miaka miwili mfululizo, 1998 na 1999, walijaribu kuchezea mechi za nyumbani za Ligi ya Mabingwa kwenye uwanja wa Wembley, kwa sababu mabango ya matangazo yaliyotakiwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, yangepunguza zaidi watu Highbury. Matokeo uwanjani yalikuwa mabaya, hawakuvuka makundi hata mara moja. Lakini dhidi ya Lens waliingia watu 73,707. Mhasibu yeyote akishaona namba hiyo, Highbury imeshakufa mezani kwake. Inabaki kuandaa mazishi.

Eneo jipya likapatikana umbali wa mita 500 hivi, Ashburton Grove, palipokuwa na karakana, biashara ndogondogo na kituo cha kukusanyia taka cha halmashauri. Kibali cha ujenzi kilitoka Desemba 2001. Wafanyabiashara waliotakiwa kuhama wakapinga, wakafika mahakamani, wakashindwa, ardhi ikatwaliwa kwa mujibu wa sheria na fidia zikalipwa. Wewe umekulia Dodoma, mji ambao tangu uamuzi wa makao makuu wa 1973 umepimwa, ukapangwa na kuhamishwa watu. Huhitaji nikueleze mikutano ya fidia inavyokuwa. Uwanja mpya, Emirates, uligharimu takriban paundi milioni 390 na unaingiza watu 60,000.

Ajabu ni kwamba uwanja uliokuwa unangoja kufa ulipata miaka yake mizuri kuliko yote hapo mwishoni, na ndiyo miaka iliyotupa sisi huku mashabiki wengi wa Arsenal. Runinga zilikuwa zimeanza kuenea, na timu ya kocha Arsène Wenger ilikuwa na Kanu wa Nigeria, Lauren wa Kameruni, Kolo Touré wa Ivory Coast. Mtu wa Majengo au Chang'ombe akijiona mle, kwa nini asishabikie? Mei 15, 2004 walimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja, ushindi 26, sare 12, na ya mwisho ilikuwa Highbury dhidi ya nani? Leicester, mjukuu wa ile Leicester Fosse ya 1913. Matokeo? 2-1.

Usiku wa mwisho wa Ulaya ulikuwa 19 Aprili 2006 dhidi ya Villarreal. Kindi aliingia uwanjani akazunguka weee, watu wakamshangilia kuliko winga. Bao pekee lilifungwa na Kolo Touré. Ndiyo kusema bao la mwisho la Ulaya kwenye uwanja ule limefungwa na mguu wa Mwafrika. Kisha 7 Mei wakaja Wigan. Arsenal msimu huo walivaa nyekundu iliyokolea, kukumbushia jezi za 1913. Wigan walitangulia 2-1, watu wakanyamaza. Thierry Henry akafunga matatu, la mwisho kwa penalti, akapiga magoti akabusu majani. Ikaisha 4-2, Tottenham wakapoteza kwa West Ham siku hiyohiyo, na nafasi ya nne ikahama kutoka kwao kwenda kwa jirani.

Baada ya hapo ikawa kazi ya mafundi. Vitu vingi viliuzwa kwa mnada, mpaka vipande vya majani. Viti vilikuwa vinasubiriwa na maelfu ya mashabiki waliotaka kimoja cha kuweka nyumbani, lakini vilipopimwa vikakutwa na kadimiamu, madini yenye sumu inayohusishwa na saratani. Mauzo yakafutwa. Hebu fikiria mtu aliyekalia kiti kilekile miaka 13, anakwenda kukichukua, anaambiwa usikiguse ni sumu.

Mradi wa nyumba uliitwa Highbury Square, nyumba zaidi ya 600. North Bank na Clock End zikaondoka kabisa, majengo mapya yakasimama mahali pake kwa kufuata umbo lilelile, ili ukiwa bustanini uone bado pande nne zinakutazama kama majukwaa. Ukuta wa Avenell Road haukuguswa, kwa sheria ileile ya 1997, na ukumbi wa terazo bado upo, leo wapangaji wanapita pale na mifuko ya sokoni. Jukwaa la magharibi halikuwa na ulinzi wa kitaifa kama mwenzake, lakini uso wake wa ndani nao uliachwa ili zifanane. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliwakuta nyumba zikiwa sokoni, wanunuzi wengine wakasuasua, klabu ikatokwa jasho. Septemba 2009 Wenger alikuja kuzizindua rasmi. Ile saa ya Clock End walihama nayo.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini hawakuupanua" ni hilo: walitaka, lakini kulia walikuwa na majirani na kushoto walikuwa na ukuta wao wenyewe mzuri mno kubomolewa. Ukuta huohuo ndio uliowafukuza, na ndio unaokufanya wewe ushinde nusu ya ubishi.

Nusu, nimesema. Mwenzako alidai hakuna hata tofali lililobaki, hapo kapigwa. Wewe ulidai Highbury ipo, na kama ulimaanisha uwanja, nawe umepigwa. Nunueni kreti kwa kuchangia, kila mtu chupa 12. Na akiendelea kubisha, mtafutie picha ya ndani ya kile kituo cha treni, pale jukwaani wanaposubiria abiria. Chapman alibadilisha jina la nje, lakini vigae vya ukutani mpaka leo vinasoma Gillespie Road.